Kuradidi na Kurudi: Je, ni Ndugu?

SWALI: Katika hadithi moja nimekuta sentensi hii: "Mzee aliradidi maneno yale yale hadi usingizi ukamchukua." Mwenzangu anashikilia kuwa ni kosa la chapa na kwamba mwandishi alikusudia "alirudia". Je, neno hilo lipo, na asili yake ni ipi?

JIBU: Neno lipo, na hapo limetumiwa mahali pake hasa. Kuradidi ni kusema au kutenda jambo lile lile tena na tena bila kuchoka. Anayerudia huenda akarudia mara moja tu, kama mtu aombwaye kulitaja upya jina ambalo halikusikika vizuri, lakini anayeradidi haishii hapo.

Hata hivyo mwenzako hakupotea mbali, kwa kuwa maneno hayo mawili yamechipuka katika shina moja la Kiarabu. Rudi limetokana na kitenzi radda, yaani kurejesha kitu, ambacho katika wakati uliopo husemwa yaruddu, na ndiyo maana sisi tunatamka "u". Kitenzi hicho cha Kiarabu huhitaji kitu kinachorejeshwa, na maana hiyo ya kale ingali hai tunaposema kumrudi mtoto, yaani kumkanya ili aache mwenendo mbaya. Radidi nalo limetokana na raddada, ambapo konsonanti ya kati imekazwa, na kwa Waarabu mkazo wa namna hiyo mara nyingi huonyesha kwamba tendo limezidishwa au limefanywa mara nyingi. Kiswahili, ambacho hakina desturi ya kukaza konsonanti hivyo, kiliupoteza mkazo wenyewe, lakini silabi "di" ikabaki mara mbili, hata neno likawa linatenda kile linachokitaja. Mimi binafsi nalipenda kwa sababu hiyo.

Kariri lilipita njia iyo hiyo: karra ni kurejea, karrara ni kurejea mara nyingi. Maana ya kuhifadhi kichwani, ambayo leo wengi huidhania kuwa ndiyo ya msingi, ilifuata baadaye, kwa kuwa kinachotamkwa mara nyingi hukaa moyoni. Ndiyo sababu wahakiki wa fasihi huita mbinu ile ile ya kurudiarudia neno ama takriri ama uradidi, na yeyote kati yao hajakosea.