Omba mapema, usingoje wakuzoee

Wiki 3 kazini, harusi ya dada mwezi ujao, unahitaji siku 4 na unaogopa kuonekana mvivu? Omba, ndugu, tena wiki hii hii. Kinachomkera bosi mara nyingi si siku zenyewe, ni kushtukizwa.

Kwanza soma mkataba wako, pale panapotajwa muda wa majaribio na likizo. Kwingi likizo ya malipo hujikusanya kidogo kidogo kila mwezi, kwa hiyo huenda huna hata siku 2. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1970, nao unakubali mfanyakazi atakiwe kutimiza muda fulani kabla ya kupata likizo hiyo, mradi usizidi miezi 6. Basi usidai, omba ruhusa bila malipo.

Mimi niliwahi kuboronga: nilituma ujumbe Alhamisi usiku nikiomba Ijumaa. Nilipewa, ila msimamizi alinikumbusha hadi siku ya tathmini! Mara ya pili nilimfuata mezani kwake asubuhi, nikamtajia tarehe, nani atashika zamu yangu na kazi gani nitakuwa nimemaliza. Akaandika kwenye kalenda yake nikiwa bado nimesimama. Baadaye nikamtumia barua pepe ya mistari miwili, maana ya mdomoni husahaulika.

Lile wazo la kusingizia ugonjwa liache kabisa. Picha za harusi zitakuumbua.