Chupa arobaini, harufu ile ile

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 24, niko Tanga, nauza udi na mafuta ya kujipaka. Nimekusanya chupa arobaini za mafuta kutoka Dubai nibuni manukato yangu mwenyewe, lakini kila nikichanganya natoka na harufu ile ile, kama duka zima limemwagika. Juzi binamu yangu kaja kutoka Muscat na chupa ya manukato yaitwayo Un Jardin sur le Nil. Nilinusa nikashangaa: embe bichi! Aliyeitengeneza amelikamuaje embe? Na mimi nianzie wapi, au bila kusoma Ufaransa hakuna njia?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Embe halikukamuliwa. Karafuu ukiivukiza inakupa mafuta. Nyama ya embe itakupa rojo la moto tu. Aliyeitengeneza, Mfaransa Jean-Claude Ellena, alikwenda Aswan, Misri, kuitafutia kampuni ya Hermès harufu ya mto Nile. Angeweza kurudi na asumini na ubani, vitu ambavyo Mzungu anavitarajia kutoka Misri hata kabla hajapanda ndege. Kilichomnasa ni maembe mabichi yaliyoning'inia mtini. Akalijenga embe kwa vitu visivyo embe, na chupa ikatoka 2005.

Mchezo wake mmoja utakuonyesha anavyofikiri. Chukua karatasi mbili nyembamba. Moja ichovye kwenye vanilini, kiini cha harufu ya vanila, nyingine kwenye kemikali iitwayo isobutili fenilasetati, ambayo peke yake inakaribia asali. Zipeperushe pamoja mbele ya pua: chokoleti! Kakao yenyewe ina mamia ya viini vya harufu, naye kaimaliza kwa viwili. Pua inaonyeshwa kipembe, akili inamchora ng'ombe mzima.

Hakuzaliwa na ubahili huo. Alizaliwa Grasse, mji wa manukato kusini mwa Ufaransa, mwaka 1947, baba yake naye mtengeneza manukato, na akiwa na miaka 16 alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha malighafi za manukato cha Antoine Chiris. Mwaka 1968 akaingia shule ya manukato ya kampuni ya Givaudan kule Geneva. Manukato yaliyomtoa, First ya Van Cleef & Arpels, ni ya 1976, na baadaye yeye mwenyewe aliyasema kuwa ni kazi ya kukusanya na kurundika. Umesikia? Naye alianza na chupa zako arobaini. Kisha akaanza kupunguza, mwaka hadi mwaka. Wenzake wana malighafi elfu na zaidi mezani. Yeye akabaki na pungufu ya mia mbili. Kwa hizo alitengeneza manukato ya chai ya kijani ya kampuni ya Bulgari mwanzoni mwa miaka ya 1990, na akawa mtengenezaji wa ndani wa Hermès kuanzia 2004 hadi 2016, akifanyia kazi Cabris, kijiji cha mlimani karibu na kwao.

Jambo ninalomhusudu ni hili: haanzii kwenye chupa. Huandika kwanza, jina la kitu na uzito wake, harufu ikiwa bado kichwani. Msaidizi ndiye anayepima. Sisi huku tunafungua, tunanusa, tunaongeza tone, tunaongeza jingine, mpaka pua imekufa ganzi. Mimi niliwahi kupika udi wa harusi ya mpwa wangu nikautia miski, zabadi, mawardi, liwa na kila nilichokuwa nacho, maana nilitaka watu waseme. Wakasema. Bibi harusi alipiga chafya mpaka wanja ukamtiririka.

Na bibi yangu, aliyekuwa akifunga vikuba Mombasa, hakuhitaji Mfaransa kumwambia. Asumini, mrehani, kipande cha mkadi, basi. Asumini wenyewe una indoli ndani yake, kitu ambacho kikizidi kinanuka choo, na kikiwa kidogo ndicho kinacholipa ua uhai. Kunuka na kunukia vimeachana kwa herufi moja.

Vyuo viko, Versailles na Grasse, na ukitaka kwenda huko kaza kemia kwanza. Lakini usisubiri. Chagua mafuta matano. Kila moja lizimue, sehemu moja kwa tisa za alkoholi safi, kwani makali yakizidi huwezi kuyasoma. Usiyajaribu mwilini kabla ya kuyazimua, hasa mdalasini na karafuu, ngozi itakuchubuka. Nusa moja kwa siku, asubuhi, kabla ya chai, kisha rudia karatasi ile ile jioni uone kilichobaki. Baada ya hapo andika mchanganyiko wa vitu viwili bila kugusa chupa, ndipo upime.

Zile thelathini na tano zilizobaki mpe mama yako azifungie. Na binamu akirudi Muscat, usimwagize mafuta. Mwagize mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu.