Maswali ya Wasomaji: Kifua Kinachobana na Pumzi Inayokatika

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 49 na ninauza matoke sokoni hapa Jinja. Kwa miezi miwili sasa, kila ninapobeba mkungu kutoka kwenye lori hadi kibandani, kifua hunibana na maumivu hupanda hadi kwenye taya. Nikikaa kidogo hupoa. Kwenye kliniki ya mtaani nilipewa dawa za vidonda vya tumbo, na mume wangu anasema ugonjwa wa moyo ni wa wanaume wenye vitambi. Je, ni kweli?

JIBU: Mama, vidonda vya tumbo vimekuwa jina la kila maumivu yaliyo kati ya kitovu na koo, na mara nyingine jina hilo ni sahihi. Maumivu yako, hata hivyo, yana tabia yake: huja ukibeba mzigo na huondoka ukipumzika. Vidonda havijali kama umebeba mkungu au umekaa. Hufuata zaidi njaa na chakula. Moyo ndio unaojali, kwa sababu mishipa inayoulisha ikiwa imekuwa myembamba, damu inayopita humtosha mtu aliyekaa lakini haimtoshi aliyejitwika. Nenda hospitali wiki hii, upimwe presha, sukari na umeme wa moyo, na ueleze habari ya mkungu kama ulivyonieleza mimi, kwa kuwa kipimo cha umeme kinaweza kuonekana kizuri ukiwa umelala kitandani. Mpaka hapo, mizigo ibebwe na vijana. Maumivu yakikujia ukiwa umekaa, au yakikataa kupoa, usisubiri kupambazuke.

Mumeo hayuko peke yake. Huko Marekani, pamoja na kampeni zote, wanawake waliojua kwamba ugonjwa wa moyo ndio unaoua wanawake wengi zaidi walikuwa asilimia 65 mwaka 2009, na kufikia 2019 walikuwa wameshuka hadi asilimia 44. Ni kweli kwamba wanaume huanza kuugua mapema, lakini hedhi inapokoma tofauti hiyo hupungua. Kubanwa kifua ni dalili kuu kwa wote wawili. Ila mwanamke aghalabu huongeza kichefuchefu, kukosa pumzi, uchovu usioelezeka, maumivu ya mgongo au taya, na hayo ndiyo yanayompoteza yeye na anayemhudumia.

Hukuandika lolote kuhusu mimba zako. Ikiwa uliwahi kupata presha ya mimba, hasa ile inayoelekea kifafa cha mimba, mwambie daktari hata kama ni miaka 20 iliyopita, kwa kuwa hatari ya ugonjwa wa moyo kwa mwanamke wa namna hiyo hukaribia mara mbili ya mwenzake. Wengi huambiwa imekwisha siku ya kujifungua, na kadi ya kliniki hugeuka karatasi ya kuwashia jiko.

SWALI: Mkaza mwanangu, mwenye miaka 24, alijifungua miezi miwili iliyopita. Miguu imevimba, na usiku hawezi kulala bila kuegemea mito mitatu. Majirani wanasema ni uchovu wa kunyonyesha. Msomaji, Lira.

JIBU: Uchovu wa kunyonyesha hauhitaji mito mitatu. Apelekwe hospitali ya rufaa leo. Misuli ya moyo inaweza kulegea kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kujifungua, na yapo pia madhara ya valvu, yaani milango ya moyo, yanayotokana na koo lililouma utotoni likaachwa bila dawa, ugonjwa ambao bado tunao sana Uganda na ambao mara nyingi hujitokeza wakati wa mimba, damu mwilini inapoongezeka. Kipimo cha picha ya moyo hutofautisha mambo hayo, na wanaohitaji zaidi hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago. Aende na mtoto, na wahudumu waelezwe mapema kwamba ananyonyesha, kwa sababu dawa huchaguliwa kwa kuzingatia hilo.