"Shed" si kutupa wala kumwaga tu

Wanafunzi wengi hapa Uganda wakikutana na kitenzi cha Kiingereza "shed" huandika "kutupa" au "kumwaga", na nusu ya sentensi zao zinaharibika. Anayetupa kitu anaweza kuwa amekiokota tu. Ku-"shed" ni kuachia kile kilichokuwa sehemu ya mwili wako au mzigo wako, nawe ukabaki.

Tazama umeme. Gridi yetu, yaani mtandao wa umeme wa nchi, huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Matumizi yakizidi uwezo wa mitambo, mizunguko hushuka na nchi nzima inaweza kuzimika, basi wahandisi hukata baadhi ya mitaa makusudi ili iliyobaki isimame. Huo ndio mgao, "load shedding". Mti ukiangukia nyaya Ntinda, giza hilo si "load shedding", hata kama jirani zako wote wanaliita hivyo. Andika "power cut".

Kiswahili kinatawanya kazi hii kwa vitenzi vingi: nyoka hujivua gamba, mti hupukutisha majani, mtu hutoa machozi, muuaji humwaga damu. Kiingereza kinasema "shed" kote. Ila maji ya ndoo yakimwagika sakafuni ni "spill", kamwe si "shed". Bati la nyumba, kwa upande wake, "sheds water", kwa kuwa mvua inateleza juu yake na kuachiwa.

Pembe nazo zinahitaji uangalifu. Swala kobu wa nembo yetu ya taifa hadondoshi zake maisha yake yote, kwa hiyo "the kob sheds its horns" ni sarufi safi na habari ya uongo.

Umbo halibadiliki: leo "shed", jana "shed", na "has shed". "Shedded" itakatwa kwenye mtihani. Ukiongeza "-ing", d ziwe mbili. "Shade" ni kivuli. Hakuna anayetoa kivuli msibani.

"Shed" ya banda la ng'ombe ni neno jingine kabisa. Kitenzi hiki zamani kilimaanisha kutenganisha, na maana hiyo ingali hai katika "watershed": mwinuko unaogawa maji, kama ule wa West Nile ambao mpaka wetu na Kongo unaufuata, upande huu yakienda mto Nile na upande ule mto Kongo.

Na ukitaka kusema umefafanua jambo, ni "shed light on". Ni "on", si "to".