Huis Doorn, lile jumba la Doorn huko Uholanzi, ni ya nani sasa?
Si ya ukoo wa Kaizari wa Ujerumani tena. Ni mali ya serikali ya Uholanzi, iliyoitaifisha 1945 kama mali ya adui. Wilhelm II (ndiyo, huyo huyo aliyetawala Ujerumani wakati wa Maji Maji) aliinunua 1919 akiwa mkimbizi, akahamia 1920 na shehena ya mabehewa kwa mabehewa ya treni, akafia hapo Juni 1941. Warithi wake waliwahi kuidai, wakagonga mwamba.

Kwa kuwa ilichukuliwa pamoja na vilivyomo, vitu havikutawanyika. Imekuwa makumbusho tangu 1956 na vyumba viko karibu kama alivyoviacha. Kwenye meza yake ya kazi utakuta kiti cha tandiko la farasi, na uma wake una makali ya kisu ubavuni, maana mkono wa kushoto ulilemaa tangu kuzaliwa. Wanaokutembeza wengi ni watu wa kujitolea.

Ila anayedhani kwamba Wilhelm kazikwa Ujerumani kakosea. Yuko bustanini hapo hapo Doorn. Aliagiza asirudishwe kwao mpaka ufalme urudi.