Usiniambie ni mlio gani, niambie unalia lini

Ukitaka kusikia injini yako inasema nini, lipitishe gari kando ya ukuta huku umeteremsha vioo. Ukuta hukurudishia sauti ambazo barabara ya wazi huzimeza. Mimi niliugundua mlio wangu hivyo, alfajiri moja nikivuka Daraja la Nyali kuingia mjini Mombasa, kabla matatu hazijaanza kubanana. Tiki-tiki-tiki, mwembamba, mkavu, kama mtu anayegonga ukucha kwenye sinia ya bati. Nikikanyaga mafuta, nao unakimbia. Nikiachia, unanyamaa.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya 1972. Kwa vijana wasiolijua: ndilo lililochukua Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likarudia 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Kila mzee wa hapa aliyewahi kusimama kando ya barabara akala vumbi la Pasaka ana hadithi yake ya gari hili, na baadhi ya hadithi hizo ni za kweli. Injini ni silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili, kamshafti (mhimili unaofungua vali) juu. Namba moja iko mbele kwenye rejeta, namba sita imejificha nyuma, karibu na ukuta wa dereva. Kumbukeni hiyo namba sita.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuupa mlio jina kabla sijaujua. Nilisema tapeti, vile vidude vinavyosukuma vali, kwa sababu kila mtu husema tapeti. Nikatoka kazini Changamwe, nikafika nyumbani magharibi, nikafungua kifuniko cha vali nikaanza kubana. Kipimo cha nafasi inayoachwa pale, injini hii ikiwa baridi, ni milimita 0.20 kwa vali za kuingiza na 0.25 kwa zile za kutolea moshi. Mimi nikabana kupita hapo, na tena injini ikiwa bado moto, maana nilichotaka ni kimya. Nikapiga stata: kimya kweli! Nikajiona fundi. Asubuhi yake, tiki-tiki-tiki, kama vile sikugusa kitu. Jioni nikabana tena, kikapatikana kimya tena, asubuhi mlio ukarudi tena. Nilicheza mchezo huo wiki nzima bila kujiuliza kwa nini mimi hushinda jioni na kushindwa asubuhi. (Na kwa anayetaka kuniiga: vali iliyobanwa mno haifungi sawasawa, haipati kupoa kwenye kiti chake, mwisho huungua. Tapeti zinazolia kidogo hazijawahi kuua injini ya mtu.)

Kosa la pili nilisaidiwa. Nilipeleka gari kwenye gereji moja, jina na mtaa nitaviacha. Fundi hakuwa mjinga, nataka hilo lieleweke. Aliwasha injini, akashika koleo lenye mpini wa raba, akachomoa waya za plagi mmoja mmoja. Namba moja, mlio uko vile vile. Namba mbili, vile vile. Alipochomoa waya wa namba sita, mlio ukafifia, ukawa kama umefunikwa na blanketi. Akanitazama kwa huruma. "Konrodi namba sita, bosi. Beringi imekwisha. Tunashusha injini." Konrodi ni ule mkono unaounganisha pistoni na mhimili mkuu wa injini. Elfu tisini kwa kuanzia, spea kando.

Jaribio lake lilikuwa sahihi. Ukizima moto wa silinda moja na mlio ukapungua, basi chanzo kinahusiana na mlipuko wa silinda hiyo. Vali na tapeti hazijali plagi imewaka au haikuwaka, zitagonga tu kwa sababu kamshafti inazisukuma. Kwa hiyo hapo hapo tapeti zangu zilikuwa zimeshaachiwa huru na mahakama, ila sikuwa na akili ya kuliona. Lakini si beringi ya konrodi peke yake inayonyamaa plagi ikizimwa. Kuna vitu vingine viwili vinavyofanya hivyo, na hapo ndipo elfu tisini zangu zilipoponea.

Usiku ule sikulala. Kesho yake baada ya laasiri nikaenda Kibokoni kwa mzee mmoja aliyemaliza ujana wake ndani ya vyumba vya injini za meli. Nilimkuta barazani na kikombe chake cha kahawa. Nikaegesha, nikaacha injini inaunguruma ili aisikie, nikamwamkia shikamoo. Hakuinuka.

"Ami, gari lina mlio, uko kama..."

"Sitaki kujua uko kama nini. Kila mtu ana mfano wake, huyu kijiko, yule cherehani. Unalia lini?"

Nikasema unalia tu. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Akaniambia nizime, nirudi nyumbani, nichukue karatasi, na kwa siku tatu niandike: injini baridi au moto, gari limesimama au linakwenda, mlimani au tambarare, klachi imekanyagwa au imeachiwa, na sindano ya presha ya oili iko wapi. "Halafu uje. Ukija bila karatasi, njoo na kashata, tutakula tuagane."

Karatasi ile ndiyo fundi wangu bora mpaka leo, na ukichukua kitu kimoja kwenye makala hii chukua hicho. Yangu ilisema hivi. Alfajiri, gari limelala usiku kucha: mlio mkali mno. (Baridi ya Mombasa si baridi, najua, lakini kwa injini "baridi" maana yake ni kuwa chuma kimepoa kikarudi saizi yake. Usijaribu kuipima saa sita mchana baada ya kuizima nusu saa.) Nikifika Makupa: umefifia. Foleni, injini moto, gari limesimama: hausikiki kabisa. Mlima wa Mazeras, mguu chini gia ya tatu: umerudi. Kuteremka, mguu umeachiwa: hakuna. Klachi: haibadilishi chochote. Presha ya oili: imara asubuhi, inashuka kidogo injini ikishika moto, kama inavyotakiwa.

Mzee aliisoma mara moja akaipindua akaiweka chini ya kikombe. "Beringi ya konrodi haiponi kwa joto, mwanangu."

Ndiyo hivyo. Oili ikipata moto huwa nyepesi, na beringi iliyochakaa inategemea uzito wa oili ili isigonge. Kwa hiyo mgonjwa wa beringi huamka afadhali na kuzidiwa mchana. Wangu ulikuwa kinyume. Tena sauti ya konrodi ni nzito, ngo-ngo-ngo, utaihisi kwenye nyayo, na geji ya oili mara nyingi hukupa habari mapema. Ukisikia hiyo ya ngo-ngo na sindano imelala, usijaribu kufika nyumbani. Zima pale pale, lipia breakidauni.

Walibaki washukiwa wawili. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda, ambayo nayo hugonga asubuhi na kunyamaa ikivimba kwa joto. Au moshi unaovuja pale manifoldi ya egzosi, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, inapokutana na silinda hedi, kichwa cha injini. Zote mbili zinapungua plagi ikizimwa, zote mbili zinafifia injini ikishika moto. Moja unaweza kuishi nayo miaka, nyingine unaitengeneza kwa gasketi. Kuzitofautisha kulinigharimu mpira wa maji wa mita moja.

Hapa niseme jambo la vifaa. Bisibisi ndefu inayowekwa sikioni ni nzuri kwa milio ya chuma kugonga chuma. Unaweka ncha kwenye kitu, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na unasikia kila kinachoendelea ndani. Lakini ina uongo wake. Chuma husafirisha sauti, na injini hii ina pampu ya petroli inayosukumwa na kamshafti, upande wa plagi, mbele; ukiweka bisibisi pale utasikia gonga-gonga ya kukutia hofu na kumbe ndiyo kazi yake. Mimi nilikaribia kununua pampu. Mpira, kwa upande wake, hausikii chuma, unasikia hewa. Ncha moja sikioni, nyingine unaitembeza polepole kando ya viungo vya manifoldi, bila kugusa.

Tulifanya hivyo alfajiri, injini imelala usiku kucha nje ya msikiti wa mtaani kwake. Kwanza alinituma nikavue kanzu nivae suruali na nikunje mikono, maana feni ya gari hili inazunguka na injini na haina subira na nguo ya mtu. Akafungua mkanda wa feni tukawasha kwa sekunde ishirini hivi tu, kwa sababu bila mkanda pampu ya maji haizunguki. Mlio uko. Kwa hiyo si altaneta, si pampu ya maji. Tukarudisha mkanda. Kisha mpira. Silinda ya kwanza, mvumo tu. Ya pili, ya tatu, mvumo. Nilipofika nyuma kabisa, chini ya manifoldi upande wa namba sita, nilipigwa sikio, wallahi, pu-pu-pu-pu, pumzi za moto, nikaruka nikagonga kichwa kwenye boneti.

Mzee akataka uhakika zaidi. Akaninyoshea tambara akaniambia nikaibane sailensa kwa nyuma kidogo tu, sekunde mbili tatu, nisiizibe kabisa. Nilipobana, mlio wa mbele ukapanda mara mbili, kwa sababu moshi ulikosa njia ukatokea pale palipo wazi. Kama ingekuwa pistoni isingejali. Tambara liwe nene. Bomba lile linaunguza.

Injini ilipopoa nikaingiza kioo kidogo cha kujinyolea na tochi. Kwenye alumini ya hedi, nyuma ya mlango wa moshi wa namba sita, palikuwa na doa jeusi la masizi lenye umbo la unyoya. Na stadi, ile bolti isiyo na kichwa inayoshikilia manifoldi, haikuwapo. Ilikuwa imekatika ndani, imeacha kisiki, na nati yake ilishadondoka barabarani siku isiyojulikana. Ni mahali panapojulikana kwa ugonjwa huu kwenye injini za aina hii: hedi ni alumini, manifoldi ni chuma cha kuyeyushwa, na alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma kile. Stadi za pembeni ndizo zinazovutwa zaidi, huku na huku, kila unapowasha na kuzima, miaka hamsini. Ongeza chumvi ya hewa yetu. Chuma kinachokaa Mombasa kinazeeka kwa saa yake mwenyewe.

Kukitoa kisiki ndiko kulikochukua muda. Nilikimwagilia mafuta ya kulainisha kutu siku tatu mfululizo, nikatoa kabureta na manifoldi zote mbili, ya kuingiza na ya kutolea moshi, kwa kuwa zinashiriki gasketi moja. Fundi wa kuchomelea akaweka nati juu ya kisiki akaichomelea kwa ndani, ikashika. Akasubiri ipoe kiasi, akaizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, mbele, nyuma. Mara ya kwanza ilikatika. Ya pili ikatoka na mlio wa mlango wa zamani. Kama fundi wako anataka kuchukua bomba refu na kuivuta kwa hasira, mpe soda mwambie apumzike: uzi ukiharibika ndani ya alumini umejinunulia kazi nyingine kubwa.

Nilibadilisha stadi zote, si ile moja. Uso wa manifoldi tukaupima kwa rula ya chuma; ulikuwa umejikunja, mwanga ukapita upande wa sita, hivyo ukaenda kusawazishwa kwenye mashine. Ukiweka gasketi mpya juu ya uso uliojikunja umenunua miezi mitatu tu. Kukaza ni kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na baada ya kuipasha moto na kuiacha ipoe, unakaza tena. Nati ya nyuma kabisa ilikubali robo mzunguko zaidi mara ya pili.

Jumla yake haikufika hata robo ya zile elfu tisini. Na si pesa tu: moshi unaovuja pale huweza kupenya hadi ndani ya gari, na ile sumu yake mbaya zaidi haina harufu. Nilikuwa na wiki kadhaa nikishuka na kichwa kinauma, nikilisingizia jua.

Kitu cha mwisho nilichofanya ni kurudi kwenye tapeti nilizozionea. Niliacha gari lilale, asubuhi nikazilegeza zote kumi na mbili hadi 0.20 na 0.25, nikafunga kifuniko na kuondoka kuelekea mjini vioo chini. Kando ya ukingo wa daraja zilisikika, ndogo, sawasawa, kama cherehani chumba cha pili. Nimeziacha zilie.