Rada na unyevu chini ya mikorosho

Dada, umeuliza kama setilaiti inaweza kupima unyevu wa shamba lako la Ganda, na mikorosho imeshafunika ardhi yote. Inategemea urefu wa wimbi la rada, yaani mawimbi ya redio ambayo setilaiti hutuma chini na kusoma yanavyorudi. Sentinel-1, setilaiti za rada za Ulaya, hutumia wimbi la kama sentimita 5.6. Hilo hugonga majani na vitawi likarudi, kwa hiyo sehemu kubwa ya unachosoma ni mkorosho wenyewe, si mchanga. Wimbi la sentimita 24, kama la NISAR, setilaiti ya Marekani na India iliyorushwa Julai 2025, hupenya zaidi. Udongo uliolowa hurudisha mwangwi mkubwa kuliko mkavu, ila majani nayo yana maji, na hesabu lazima iyatoe kwanza.

Halafu kuna jambo watu hulisahau: rada husoma sentimita chache tu za juu. Fukua kwa mkono chini ya mti baada ya kiangazi. Juu mchanga unapukutika vidoleni. Ukifika kina cha kiganja, unashikana. Rada itasema pakavu, na mizizi bado inakunywa. Mimi ningeanza kupima ile nafasi wazi uliyopanda kunde, kisha nifukue palepale nilinganishe.